Gari la nyikani: Kwa nini uzito wa chuma si nguvu ya ekseli

MASHINDANO ya magari ya Rhino Charge, yaliyoanza humu nchini mwaka wa 1989 kwa nia ya kuchangisha pesa za ua wa kuwahifadhi faru wa Aberdare, hayamtuzi dereva mwenye kasi. Mshindi ni yule anayefika katika vituo vyote kwa muda wa saa 10 akiwa amekwenda umbali mfupi kuliko wenzake. Ndiyo maana magari huacha njia, yakakata makorongo na kupanda majabali ambayo hata mbuzi angeyazunguka.

Watazamaji hushangilia tairi kubwa na ngurumo za injini. Hata hivyo, safari yaweza kukatizwa na kitu kilichojificha chini ya gari: vyuma vinavyoishikilia ekseli isihame mahali pake. Wala si magari ya mashindano pekee. Gari linalompeleka mgonjwa hospitalini kutoka vijiji vya Turkana au Samburu hutegemea vyuma vivyo hivyo. Kimoja kikikatika katikati ya mto mkavu, aliyelala nyuma ndiye anayeumia.

Imani iliyoenea katika karakana nyingi ni kwamba dawa ya chuma kilichokatika ni chuma kinene zaidi. Imani hiyo inapotosha.

Ekseli nzima, yaani ile inayounganisha magurudumu mawili kwa boriti moja, inapaswa kupanda na kushuka kufuata mashimo. Lakini haipaswi kwenda mbele wala nyuma, wala kusogea kando. Tena injini inapoyasukuma magurudumu, boriti yenyewe hujaribu kujipindua kinyume. Mienendo hiyo yote lazima izuiwe.

Land Rover ya kwanza, ya mwaka wa 1948, ilitumia springi za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Springi hizo zilibeba gari na papo hapo kuishikilia ekseli. Range Rover ilipotokea mwaka wa 1970 ilikuja na springi za koili katika magurudumu yote manne. Koili hubeba uzito vizuri, ila haiwezi kuizuia ekseli isiyumbe. Kwa hivyo wahandisi waliongeza mikono ya chuma kutoka kwenye chasisi hadi kwenye ekseli, fimbo ya kukingama upande wa mbele, na nyuma mkono wenye umbo la herufi A.

Mikono hiyo hubebeshwa kiasi gani? Tuchukue mfano mwepesi. Gari linapanda mlima na magurudumu ya nyuma yanalisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani moja. Kutoka ardhini hadi katikati ya ekseli ni sentimita 40. Mkono wa chini umefungwa usawa wa katikati ya ekseli, na wa juu umefungwa sentimita 10 juu yake. Mkono wa juu utavutwa au kusukumwa kwa nguvu ya tani 4. Ukiinua kishikizo chake hadi sentimita 20, nguvu hiyo hushuka hadi tani 2. Hakuna chuma kilichonenepeshwa hapo. Ni kishikizo tu kilichohamishwa. Fundi aliyefupisha kishikizo ili kipite chini ya sakafu ya gari hujikuta baadaye akitafuta bolti kubwa zaidi, bila kujua kwamba tatizo amelizalisha mwenyewe.

Hatua ya pili ni umbo la mkono. Chuma cha mviringo kilichojaa, chenye kipenyo cha milimita 30, kina uzito wa kilo 5 na nusu hivi kwa kila mita. Bomba lenye kipenyo cha nje cha milimita 50 na cha ndani milimita 40 lina uzito uo huo kabisa. Lakini bomba hilo hustahimili kupindwa zaidi ya mara 2 na nusu kuliko chuma kilichojaa, na ukakamavu wake ni zaidi ya mara 4. Sababu ni kwamba kitu kinapopindwa, sehemu za nje ndizo zinazofanya kazi. Katikati hakuna linalotendeka.

Mtu atauliza: mbona basi tusipunguze unene wa bomba? Tukitumia ukuta wa milimita 3, uzito hushuka hadi takriban kilo 3 na nusu kwa mita, na bado bomba linashinda chuma kilichojaa. Kikwazo ni mawe. Bomba jembamba likigongwa na jiwe hubonyea, na mahali palipobonyea ndipo linapokunjika siku nyingine. Mkono wa chini, ulio karibu na ardhi, wastahili ukuta mnene. Wa juu waweza kupunguzwa.

Kupunguza uzito si anasa. Ekseli na sehemu ya mikono iliyo upande wake havibebwi na springi, na kila jiwe huvirusha. Vikiwa vizito, springi na shokabzoba hushindwa kuvirejesha chini upesi, tairi huachana na ardhi, na kishindo cha kutua hurudi kwenye vishikizo vile vile.

Wapo wanaokimbilia alumini, ambayo uzito wake ni thuluthi moja hivi ya chuma cha pua. Ukakamavu wake pia ni thuluthi moja, kwa hiyo lazima mkono uwe mpana zaidi. Zaidi ya hayo, alumini huchoka kwa mitikisiko ya mara kwa mara hata iwe midogo, na aina nyingi zilizokomazwa kwa moto hupoteza nguvu nyingi zinapochomelewa. Kwa karakana ya kawaida, bomba la chuma cha pua lingali chaguo la busara.

Penye hatari kubwa ni pale panapochomelewa. Mikono mingi haikatiki katikati, bali kandokando ya mshono, mahali chuma kilipopata joto kali na umbo likabadilika ghafla. Bamba nene la mraba likichomelewa juu ya boriti nyembamba huzidisha ughafla huo. Bamba lililochongwa likapungua pole pole kuelekea ncha huigawa nguvu. Kibaya zaidi ni kutengeneza kishikizo kwa kipande cha springi kuukuu. Chuma hicho kina kaboni nyingi, na kikichomelewa kisha kikapoa haraka huwa kikavu mithili ya kigae. Kwa macho huonekana imara kuliko vyote, kisha hukatika bila kupinda kwanza.

Chuma laini zaidi kingepinda, gari likaanza kuvuta upande mmoja, na dereva akapata nafasi ya kusimama. Baada ya safari ya nyikani, matope yaoshwe na kingo za mshono zikaguliwe kwa tochi. Mstari mwembamba wa kutu unaopenya kwenye rangi ni dalili ya ufa, na gari hilo lisitoke karakanani.