Mbwa wakipigana gulioni, mchuuzi ndiye anayelipa

Asubuhi na mapema, kabla mchinjaji hajamaliza kuchuna ng'ombe wa kwanza, mbwa huwa wameshawasili. Katika vituo vya biashara vya Bukoba na Muleba, kuanzia Kemondo na Katerero hadi Kamachumu na Nshamba, hawakai mbali na banda la nyama. Kwenye mialo ya Ziwa Viktoria huzungukia dagaa walioanikwa. Utumbo mmoja ukitupwa, wawili huurukia, na mara wanane wamegubikana katikati ya meza za ndizi na nyanya.

Hasara hufuata hapo hapo. Meza hupinduliwa, dagaa hukanyagwa, wateja hukimbia. Iliyo kubwa zaidi humpata yule anayeingiza mkono ili amwokoe mbwa wake.

Wengi wa mbwa hao si wa mitaani. Wana wenyewe, nao hufugwa kulinda kibanja: kuwafukuza nyani na ngedere migombani na kuwabwekea wezi wa kahawa iliyoanikwa au wa vanila. Lakini mwenye mbwa asipompa chakula cha kutosha nyumbani, humwachia gulio kazi ya kumlisha. Jike akiwa kwenye joto, madume ya vijiji vitatu humfuata, na ugomvi huendelea kwa siku kadhaa.

Ugomvi huwa na dalili. Mbwa hukakamaa, mkia husimama, manyoya ya mgongoni huinuka, naye humkazia macho mwenzake bila kupepesa. Huo ndio wakati wa kumwita wako na kuondoka naye. Wakishashikana, kamwe asishikwe shingoni, kwani katika hasira huuma chochote kilicho karibu na mdomo, hata mkono wa bwana wake. Fimbo nayo huwazidishia ukali. Ndoo ya maji usoni hufanya kazi nzuri, au debe lipigwe kwa kelele, au ubao usukumwe katikati yao. Gunia likimfunika mmoja kichwa, mara nyingi huachia. Wakiwepo watu wawili, kila mmoja anaweza kumshika mbwa mmoja miguu ya nyuma na kumvuta kinyumenyume, lakini hiyo ni njia ya mwisho.

Aliyeumwa asikimbilie kupaka majivu wala mafuta ya taa. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kinga kwa aliyeumwa ni sindano kadhaa katika siku tofauti, na kwa mchuuzi kila safari ya hospitali ni siku ya gulio iliyopotea, ukiacha nauli. Mbwa aliyeuma asiuawe haraka; kama ni mzima, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10.

Chanjo ya mbwa hugharimu sehemu ndogo sana ya matibabu hayo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kuwapiga risasi au kuwatilia sumu hakujaleta matokeo hayo popote, maana wanaouawa huzibwa pengo na watoto wapya wasiochanjwa.

Wauza nyama nao wana sehemu yao, na si ndogo. Shimo la utumbo lenye mfuniko mzito na uzio kuzunguka banda hupunguza mbwa kuliko mlinzi mwenye fimbo. Dagaa wakianikwa kwenye vichanja virefu badala ya mchangani, mbwa hawawafikii, na wakiwa safi, bila mchanga, huuzwa kwa bei nzuri zaidi.

Shauri likifika kwa mtendaji wa kijiji, swali la kwanza huwa mbwa ni wa nani na kama alichanjwa. Cheti cha chanjo hutolewa na ofisa mifugo. Hata vitoto vya chini ya miezi mitatu vinaweza kupelekwa siku ya kampeni.