Povu la beseni lina somo kwa walimu

Elimu ni bahari, walinena wahenga. La kusikitisha ni kwamba wanafunzi wetu wengi huitazama bahari hiyo wakiwa ufuoni tu. Hukariri kwamba asidi ikikutana na kaboneti, hewa ya kabonidioksidi hutoka. Huyaandika hayo katika mtihani, kisha wakayasahau kabla ya wino kukauka.

Nimeyatafakari haya tangu mpwa wangu aliponiletea hapa Kimumu zawadi ya donge la mviringo, lenye ukubwa wa chungwa na harufu ya mawaridi. Waingereza huliita bomu la kuogea. Lilibuniwa mwaka wa 1989 na Mo Constantine, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Lush ya Uingereza. Desturi ni kulitumbukiza katika hodhi la kuogea. Nyumba nyingi za mtaa wetu hazina hodhi, na hata pale lilipo, humeza zaidi ya lita 100, yaani mitungi mitano ya lita 20, kwa mwili mmoja. Kwa hivyo nililivunja vipande, nikaweka uani mabeseni mawili: moja la maji baridi, la pili la maji vuguvugu.

Watoto wa jirani hawakukawia kufika. Kipande kilipogusa maji baridi, povu lilifoka.

"Mwalimu, maji yanachemka!" mmoja alipaza sauti.

"Hebu yaguse," nikamwambia.

Aliyagusa, akashangaa kuyakuta yakiwa baridi vilevile.

Ndugu msomaji, hapo ndipo somo lilipoanza. Mbona yafoke bila moto? Mbona beseni la maji vuguvugu lilitoa povu kwa kasi zaidi? Mbona donge lilikaa kimya katika karatasi yake muda wote huo? Jibu ni kwamba lina magadi ya kuokea na asidi sitriki, ile inayoyapa malimau ukali wake. Vikiwa vikavu, viwili hivi hukaa pamoja kwa amani. Maji yakiviyeyusha, humenyuka na kutoa kabonidioksidi. Mmenyuko huu haupashi maji joto, bali huyanyang'anya kiasi kidogo cha joto. Viputo navyo huyapandisha mafuta ya manukato hadi juu, ndipo harufu ikatanda ua mzima.

Wala tusidhani kwamba kuoga kwa manukato ni jambo geni kwetu. Waswahili wa pwani wana singo na asumini za bibi harusi tangu jadi. Huko Kidichi, Unguja, hamamu aliyoijenga Sultani Seyyid Said kwa ajili ya mkewe Mwajemi mwaka wa 1850 ingali imesimama. Magadi nayo hatuhitaji kuyasoma vitabuni. Tunayo ya ziwa letu la Magadi kule Kajiado, na mama zetu wameyatumia miaka mingi kulainisha maharagwe.

Wazazi wengi wamelalamika kwamba Mtaala wa Umilisi huwatoza gharama kubwa za vifaa. Kilio hicho kina haki. Hata hivyo, jaribio nililolieleza halihitaji donge la dukani. Kijiko cha magadi ya kuokea, limau moja na bilauri mbili za maji, moja baridi na moja vuguvugu, vyatosha. Najua mwalimu mwenye wanafunzi sitini darasani na mtihani mlangoni atauliza atautoa wapi muda. Namjibu kwamba dakika kumi za kuona zaweza kumwokolea saa nzima ya kurudia maelezo yasiyoshika.

Je, donge lenyewe linafaa kununuliwa? Linaburudisha pua, lakini halichukui nafasi ya sabuni, na manukato yake yaweza kuwawasha wenye ngozi nyepesi. Mwenye mtungi mmoja wa maji kwa siku hana sababu ya kulitamani.

Lililo muhimu zaidi ni swali la mtoto aliyedhani maji yanachemka. Swali kama hilo halinunuliwi kwa fedha, wala halitolewi na mwanafunzi aliyezoezwa kunakili ubaoni. Tukilinyima nafasi darasani, tutaendelea kuwatunuku vijana vyeti vya sayansi ilhali hawajawahi kuiona ikitenda kazi.