Mama kwenye volani: tuanzie uwanjani



Usiku mmoja wa mvua, mwenzetu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Kwa jirani kulikuwa na gari, mafuta yamo ndani, lakini shoferi alikuwa safarini. Tulimbeba mama kwa tipoyi. Alifika salama na mtoto akazaliwa mzima, ila sisi tulirudi tukiulizana: kwa nini kati yetu hakuna hata mmoja anayejua kuendesha?

Ndipo tukaanza kujifunza Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa mpira. Kule Marekani kuna mchezo unaoitwa autokrosi: wanapanga koni kwenye uwanja mtupu, kila mmoja anapita peke yake, saa inapima, na anayegonga koni anaongezewa sekunde. Sisi tunapanga bidoni tupu za manjano, na saa tunaiacha nyumbani. Anayeanza hashindani na mtu.

Haya ndiyo tuliyojifunza:

Tembea njia kwa miguu kwanza. Uwanjani, hesabu bidoni na ujue utakata kona wapi. Barabarani, shuka upime matope kwa fimbo kabla ya kuingia.

Jiandae. Funga kitenge vizuri, acha sandali zinazoteleza, sogeza kiti mpaka mguu ufikishe ambreyaji hadi chini.

Tazama mbali. Ukikazia macho bidoni, utaigonga. Angalia pale unapotaka kupita, mikono itafuata.

Punguza mwendo kabla ya kona. Kanyaga freni gari ikiwa imenyooka. Ukiikanyaga kwa nguvu katikati ya kona yenye utelezi, gari itakwenda inakotaka yenyewe.

Kwenye matope, ingia na vitesi ya chini, mwendo uleule, bila kusimama. Magurudumu yakizunguka bure, acha kukanyaga mafuta, maana unajichimbia shimo. Weka mawe au matawi chini ya magurudumu, kisha jaribu polepole.

Mwalimu awe mtu mwenye permi, akae pembeni yako. Watoto wasisogee uwanjani. Na uwanja si barabara: usiingie Barabara ya Taifa namba 3, inayotoka Bukavu kupitia Walikale hadi Kisangani, kabla ya kupata permi. Malori hukwama huko siku nyingi. Si mahali pa kujaribia.

Wako watakaosema volani ni ya wanaume. Mwaka 1981, Michèle Mouton wa Ufaransa alishinda mbio za magari za Sanremo, Italia, mwanamke wa kwanza kushinda duru ya mbio za dunia. Sisi hatutafuti kombe. Tunataka usiku mwingine wa mvua ukitukuta, tusikose mtu wa kushika volani.

Mwenye bidoni tupu alete Jumamosi. Mwenye woga aje nao pia. Hata sisi wa kwanza injini ilituzimikia mara nyingi, tukacheka, tukawasha tena.