Walinzi wa Mawe wa Victoria Square

Katikati ya Birmingham, Victoria Square, wapo wanyama wawili wakubwa wa mawe ambao hakuna mbuga iliyowahi kuwafuga. Wanafanana na sfinksi wa kale, wale wenye mwili wa simba na kichwa cha binadamu, lakini wana sura yao wenyewe. Aliyewachonga ni Dhruva Mistry, mzaliwa wa Gujarat, na uwanja huo ulizinduliwa mwaka 1993. Wanaitwa Walinzi.

Ulinzi ni kazi ya kale kwa viumbe wa aina hii. Mgiriki Herodotus aliandika habari za grifini, viumbe nusu simba nusu tai, wanaolinda dhahabu, na baadaye Martin Schongauer, mwana wa sonara wa Kijerumani, alimchora grifini kwenye bamba la shaba na kumchapa. Sanaa hiyo ya kuchora shaba na kuchapa ilitoka mikononi mwa masonara, na patasi yao ya kuchora madini ndiyo iliyochora shaba ya mchapaji.

Viumbe wa ajabu walikuwa na chanzo kingine pia: mnamo 1480 hivi, wachoraji wa Italia walianza kushuka kwenye kasri la Kaisari Nero lililofukiwa chini ya Roma. Kuta zilijaa watu wanaoishia majani na farasi wenye mikia ya samaki. Nicoletto da Modena aliandika humo jina lake na mwaka 1507, na nakshi za namna hiyo akazichapa. Karatasi zikasafiri, mafundi wa fedha, mbao na vyungu wakaiga walichopenda.

Kardinali Gabriele Paleotti wa Bologna alizilaani nakshi hizo mwaka 1582, akisema kwamba zinaonyesha visivyokuwepo. Naona alikosea. Satiri mwenye miguu ya mbuzi aliwakilisha tamaa, sfinksi fumbo. Jambo lisiloonekana lilipewa mwili ili macho yalishike. Sisi tuliosimuliwa Miraji, safari ya Mtume Muhammad mbinguni, tunalielewa hilo: wachoraji wa Uajemi na India walimpa Buraki, mnyama aliyembeba Mtume, uso wa binadamu kwa sababu safari yake haikuwa ya mnyama wa kawaida.

Birmingham inawafaa viumbe hawa. Mwendo mfupi kutoka uwanjani upo mtaa wa masonara, Jewellery Quarter, na chuo cha usonara kilichoanza huko mwaka 1890 bado kinafundisha.

Ndugu zetu mnaoishi huko, msiwapite Walinzi kwa haraka mkiwahi treni katika stesheni ya New Street. Wapelekeni watoto, wawazunguke, kisha waulizeni: unadhani huyu analinda nini?