Sayansi Huachwa Kidato cha Tatu
Chuo kikuu nchini Tanzania kikikosa wanafunzi wa fizikia, chanzo kitafutwe sekondari. Kwa miaka mingi, anayeingia kidato cha tatu ameruhusiwa kuacha fizikia na kemia, na wengi wameziacha.

Si uvivu. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili hadi darasa la saba hukutana na kani na mgandamizo kwa Kiingereza, mara nyingi katika shule ya kata isiyo na maabara kamili wala walimu wa kutosha. Ataipendaje sayansi ambayo hajawahi kuigusa kwa mikono?

Mwaka 2022 serikali ilianzisha Samia Scholarship, ufadhili kwa wanaofaulu vizuri zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Ni msaada mkubwa, ila huwafikia waliokwisha kuvuka. Wa kidato cha pili bado wanasubiri mwalimu na vifaa.