Sarafu za Tundu na Sarafu Zilizotobolewa

Katika Kiswahili, tundu na shimo si kitu kimoja. Shimo huchimbwa, na aghalabu lina mwisho wake. Tundu hupenya toka upande huu hata upande wa pili. Kwa hiyo sarafu ya kale yenye uwazi katikati yake ni sawa zaidi kuiita sarafu ya tundu. Walakini liko jambo jingine la kupambanuliwa. Kuna tundu lililofanywa na mfua sarafu, nalo ni sehemu ya umbo la sarafu yenyewe. Na kuna tundu lililotobolewa baadaye na mtu aliyeimiliki. Wakusanyaji wengi huithamini sarafu ya namna ya kwanza, na ile ya pili huihesabu kuwa imeharibika. Makusudi ya makala haya ni kueleza namna hizo mbili kama zionekanavyo katika Afrika ya Mashariki, na kuonyesha kwamba ile idharauliwayo ina habari ambazo nyenziye hazina.

Sarafu za tundu za kale kabisa zilizopata kuonekana katika pwani hii zilitoka Uchina. Tundu lake ni la pembe nne. Sarafu hizo hazikupigwa kwa nyundo bali zilimiminwa katika kalibu. Kisha zilipangwa pamoja katika ufito wa pembe nne ili zisizunguke wakati kingo zake zinaposuguliwa kwa tupa. Zilipokwisha tengenezwa, tundu lile lile lilifaa kupitishia uzi, zikahesabiwa kwa mitungo. Huko Kajengwa, kusini ya kisiwa cha Unguja, ziligunduliwa sarafu nyingi za Kichina zilizowekwa pamoja, na nyingi katika hizo ni za wakati wa utawala wa Song. Katika mwaka 2013 wataalamu waliochimba katika kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, walipata sarafu moja ya mfalme Yongle, aliyetawala Uchina toka 1402 hata 1424.

Tundu la mviringo lilikuja na serikali za kikoloni. Dola Huru ya Kongo ilipiga sarafu za shaba zenye tundu katika mwaka 1887. Baadaye Himaya za Afrika ya Mashariki na Uganda, ambazo rupia yake iligawanywa kwa senti 100, zilipata senti za tundu. Na senti moja ya alumini, iliyotolewa katika miaka ya 1907 na 1908, ni miongoni mwa sarafu za kwanza duniani kufanywa kwa madini hayo. Alumini haikuvumilia joto na unyevu wa nchi hizi, na kuanzia 1909 mahali pake pakachukuliwa na shaba iliyochanganywa na nikeli. Upande wa Wadachi, sarafu ya heller 10 yenye tundu ilianza kupigwa mwaka 1908, na ya heller 5 yenye tundu ikafuata mwaka 1913.

Faida za tundu hilo zaonekana wazi. Kwanza, mtu asiye na mfuko katika nguo yake aliweza kuzitunga sarafu zake kwa uzi, akazifunga kiunoni au akazitundika. Pili, sarafu nyeupe ya nikeli yafanana na fedha, na tundu lilimzuia mtu asidanganywe, kwani hata gizani kidole kiliweza kuitambua. Tatu, madini yalipunguzwa bila ya kuipunguza sarafu upana wake.

Halmashauri ya Sarafu ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1919, na baada ya shilingi kushika mahali pa florini mwaka 1921, senti 1, senti 5 na senti 10 zote zilipigwa kwa shaba na kutiwa tundu. Upande mmoja pembe mbili za ndovu zimelizunguka tundu. Upande wa pili pana taji na jina la mfalme. Sura ya mfalme haimo, kwa kuwa tundu limekaa mahali ambapo kichwa chake kingekaa.

Jambo hilo dogo lilileta matokeo makubwa katika mwaka 1936. Edward VIII alishika ufalme wa Uingereza mwezi wa Januari mwaka huo, naye akajiuzulu tarehe 11 Desemba kabla ya kuvikwa taji. Huko Uingereza hazikutolewa sarafu zenye sura yake zikatumiwa na watu. Lakini sarafu za tundu hazikungoja sura kuchongwa. Jina peke yake lilitosha. Hivyo senti 5 na senti 10 za mwaka 1936 zenye jina lake zilitumika katika masoko ya Afrika ya Mashariki, na hali kadhalika sarafu za tundu za Afrika ya Magharibi, Fiji na New Guinea zilichukua jina hilo. Mkusanyaji aweza pia kuyafuata mambo mengine ya historia kwa kusoma maandishi yanayolizunguka tundu: cheo cha Kaisari wa Bara Hindi kimeondolewa katika sarafu za 1949, na senti za mwaka 1964 hazina jina la mfalme wala la malkia. Benki kuu za Tanzania, Kenya na Uganda zilipofunguliwa mwaka 1966, sarafu mpya za nchi hizo tatu zilitoka bila ya tundu.

Sarafu hizo zilikwisha, lakini majina mengine yalibaki. Neno hela, ambalo asili yake ni heller ya Kidachi, limekuwa jina la fedha zote katika Tanzania bara, kama vile pesa, neno lililotoka Bara Hindi, lilivyokuwa kabla yake. Ndururu lilikuwa jina la senti 5 katika Kenya, na peni likawa jina la senti 10. Msemaji wa leo husema hana hela bila ya kukumbuka kwamba hela ilikuwa sarafu ya kushikika.

Sasa yafuata namna ya pili, yaani sarafu iliyotobolewa. Mfano ulio mashuhuri ni riale ya Sham, sarafu ya fedha ya malkia Maria Theresa wa Austria, yenye uzito wa gramu 28 na mwaka 1780, ingawa iliendelea kupigwa muda mrefu baada ya mwaka huo. Sarafu hii ilienea Uhabeshi, Yemeni, Omani na pwani ya Afrika ya Mashariki. Na katika nchi hizo wanawake waliivaa katika vidani, ikiwa imetobolewa au imetiwa kitanzi na sonara.

Kulipambanua tundu la mkono si kazi ngumu. Tundu la kiwanda liko katikati barabara, na aghalabu limezungukwa na ukingo ulioinuka. Wala halikati herufi yo yote. Tundu la mkono mara nyingi liko karibu na ukingo wa sarafu, limekata herufi au nywele za sura, na upande ule msumari ulipotokea madini yameinuka. Kutoka hapo uchunguzi waweza kuendelea. Mahali pa tundu huonyesha sarafu ilining'inia namna gani, na kama aliyeitoboa alijali kuisimamisha sura wima au hakujali. Tundu lililorefuka upande wa juu ni dalili ya uzi au mkufu uliolisugua kwa miaka mingi. Uso mmoja ukiwa umelika kuliko wa pili, huenda ndio uliolala kifuani.

Habari hizi hupotea kwa urahisi. Wafanya biashara wengine huziba tundu la mkono na kulisawazisha ili sarafu ipate bei. Wengine huipeleka kwa sonara ikayeyushwa kwa ajili ya fedha iliyomo. Wengine huisafisha hata alama za uzi zikafutika. Afanyaye hivyo huondoa ushahidi wa pekee uliokuwamo, kwa sababu riale zisizotobolewa ni nyingi mno na zote zafanana, bali iliyotobolewa ina historia ya mtu mmoja au ya nyumba moja.

Kwa hiyo mkusanyaji apatapo sarafu ya namna hiyo asiizibe wala asiisugue. Na aandike mambo manne: mahali ilipopatikana, tundu liko wapi, ilivaliwa au ilitunzwa namna gani, kwa maneno ya mwenyewe, na jina ambalo watu wa nyumba hiyo huliita. Jambo hili la mwisho ndilo lipuuzwalo zaidi. Sarafu yaweza kukaa sandukuni miaka mia isidhurike, lakini jina lake hukaa katika ndimi za wazee tu, na lisipoandikwa wakati wangali hai halitapatikana tena kwa kuitazama sarafu.