Mnara umezimika, umezimwa, au haufikiki?

Likizo iliyopita nilikuwa Baraka kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye ni fundi wa mnara wa simu kwenye njia ya kupanda Fizi. Saa nane usiku simu yake ililia. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, maneno matatu, na yeye akauelewa hivi: mnara umezimwa. Akapanda pikipiki, gizani, katika njia ambayo watu wa kwetu hawaipiti usiku kwa hiari. Alipofika alikuta betri zimejaa na taa zinawaka. Kilichokuwa kimekatika ni kiungo cha mbali, upande wa Uvira. Kaka alirudi salama, lakini mama alikuwa bado hajalala.

Kosa hilo lina pande mbili, ya programu na ya lugha.

Programu za kuchunga mtandao, kama Nagios au Zabbix, huuliza kila kifaa mara kwa mara: upo? Badiliko lolote katika jibu ni tukio, na tukio huandikwa tu kwenye kumbukumbu. Tahadhari ni jambo jingine: ni tukio ambalo mtu ameamshwa kwa ajili yake. Kati ya hayo mawili kuna kanuni. Kifaa kisipojibu mara ya kwanza, Nagios huihesabu hali hiyo kuwa laini na kuuliza tena, mara ngapi ni juu ya msimamizi. Ikishakuwa ngumu ndipo ujumbe unatumwa. Aidha, msimamizi anaweza kuandika kifaa gani ni mzazi wa kipi (ndiyo, mzazi, kana kwamba mtandao ni ukoo). Mzazi akianguka, programu haisemi mtoto amekufa, inasema hafikiki. Msimamizi asipoandika ukoo huo, kila mtoto atatangaziwa kifo chake.

Sasa upande wetu. Kiswahili kina kiambishi -ik- kinachotaja hali bila mtendaji: mnara umezimika. Kina pia -w-, ambacho kinamdai mtendaji hata asipotajwa: mnara umezimwa. Kwa nani? Kongo swali hilo si la sarufi tu. Tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima, ikarudi katika wiki ya tatu ya Januari. Tangu hapo, ukisema sokoni Baraka kwamba rezo imezimwa, watu wanatafuta aliyeizima. Programu haijui lolote kati ya hayo. Inachojua ni kwamba imeita na haikuitikiwa. Tafsiri ya kweli ni “haujibu”, na mzazi akiwa ameanguka, “haufikiki”.

Kiambishi -me- nacho kina mtego wake. “Umezimika” ukisomwa asubuhi bado unaeleza hali ya sasa, ingawa mnara ulirudi alfajiri. Ndiyo maana ujumbe unahitaji saa, na saa kwetu ni kazi. Seva nyingi huandika saa ya dunia. Baraka tuko saa mbili mbele yake, ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wako saa tatu mbele, na Kiswahili huanza kuhesabu alfajiri. 00:10 ya seva ni saa nane na dakika kumi usiku kwa kaka.

Kuhusu uzito wa tahadhari, Zabbix ina ngazi sita, na ya juu kabisa kamusi itakupa “maafa”. Mimi nalikataa neno hilo. Maafa ni mto Mulongwe ulipofurika Uvira, Aprili 2020. Ukiliita hivyo sanduku la waya lililokosa kuran, usiku wa nne hakuna atakayeamka. “Haraka” linatosha.

Kuna pia jibu la fundi, ambalo hunyamazisha ujumbe usirudiwe. “Nimepokea” halitoshi: linasema simu imelia tu. Ningependelea “ninalishughulikia”, kwa sababu wengine wakilisoma wanaweza kurudi kulala.

Nilimwonyesha kaka orodha yangu. Alinyamaza, akaweka kidole kwenye “haufikiki”. “Hili, mdogo wangu. Lakini liseme pia umekatikia wapi.”